Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki ya mifupa

Saa 12 asubuhi
Meseji kwanza. Kuna akina mama ambao leo ndo siku yao ya kidonge cha wiki, alendroneti ya miligramu 70, dawa ya mifupa iliyodhoofika isije ikavunjika, na wakishakula tu basi asubuhi imeharibika, maana inataka tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, halafu nusu saa nzima hulali, huli, hunywi dawa nyingine. Na ukisahau unameza kesho yake asubuhi, wiki ijayo unarudi kwenye siku yako ya kawaida. Usimeze viwili siku moja, tafadhali.

Saa 2
Mama wa kwanza analalamika kiungulia, anataka kuacha dawa. Simjibu haraka, namwambia mama hebu nionyeshe unavyomeza ukiwa nyumbani. Anachukua kikombe, anapiga fundo moja dogo, anaegemea kiti kama anayelala, na ananiambia huwa anameza usiku akiwa kitandani pamoja na kidonge cha kalsiamu. Sasa hapo kidonge kinakwama njiani kinachubua koo la chakula, na kile kidogo ambacho kingeingia mwilini kinazuiwa na kalsiamu. Kumbuka hata ukifuata masharti yote, chini ya asilimia 1 ya hiyo dawa ndo inaingia kwenye damu! Nimempeleka kwa daktari aamue kama aendelee na vidonge au abadilishiwe.

Saa 4
Hapa ndo kila mtu anauliza, ipi bora, ya kila siku, ya wiki, ya mwezi au ya mwaka? Alendroneti ya kila siku ni miligramu 10, zidisha kwa 7 unapata ile 70 ya wiki, yaani dozi ni ile ile, na inawezekana kwa sababu dawa inang'ang'ania kwenye mfupa na kukaa humo muda mrefu. Ile ya mwezi, ibandroneti, ni miligramu 150 mara moja, ila unakaa wima saa nzima, na haijathibitishwa kuzuia nyonga kuvunjika, faida yake imeonekana kwenye uti wa mgongo. Mimi ukiniuliza nakwambia bora ni ile utakayoifuata bila kuruka, kwa hiyo namuuliza mtu anavyoishi kabla sijagusa majina ya dawa.

Saa 6
Dripu ya zoledroneti, miligramu 5, mara moja kwa mwaka. Lazima niwe na majibu ya figo mkononi kwanza, na sikimbizi dripu, isipungue dakika 15. Dada huyu ni mara yake ya kwanza so nimemwambia mapema kwamba anaweza kupata homa na maumivu ya mwili siku mbili tatu, anywe maji ya kutosha, asidhani amepewa sumu.

Saa 8
Muda huu nafungua daftari la denosumabu, na hapa huwa nakuwa mkali kidogo. Ni sindano ya miligramu 60 chini ya ngozi kila miezi 6, rahisi kweli, lakini hii haibaki kwenye mfupa kama zile nyingine. Ukichelewa au ukiacha kimyakimya, mfupa unaanza kuliwa kwa kasi na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Haiachwi bila daktari kukupangia dawa ya kufuatia.

Saa 10
Bibi mmoja pingili zake zimeshavunjika, yeye anaanza dawa ya kujenga mfupa kabisa, teriparataidi, mikrogramu 20 kila siku, anajichoma mwenyewe, kwa kawaida isizidi miaka 2. Romosozumabu, nyingine ya kujenga mfupa, ingekuwa mara moja kwa mwezi kwa miezi 12, ila bibi alipata kiharusi mwaka huu kwa hiyo haimfai. Tumefanya mazoezi ya kushika sindano mpaka mkono ukaacha kutetemeka, na nimemweleza yeye na binti yake kwamba ikiisha kuna dawa nyingine ya kulinda alichojenga, la sivyo kinayeyuka.

Saa 11
Simu ya mwisho. Mama wa denosumabu anasafiri, na tarehe yake inaangukia akiwa mbali. Nimemwandikia barua ya kliniki ya huko anakoenda, tarehe ya sindano nimeipigia mstari, na mwanawe ameiweka kwenye kalenda ya simu yake.