Vitabu vyembamba, kabati la vioo na hewa ya bahari

Kila nikishika simu usiku naletewa picha za rafu za vitabu. Rafu za kufika darini, vitabu vinene vya jalada gumu vimepangwa kwa rangi, katikati kikopo cha ua, pembeni mshumaa ambao haujawahi kuona kiberiti. Zinapendeza, sikatai. Ila chukua vitabu vya nyumba ya Waswahili ujaribu kuvipanga vile, uone. Vyetu vingi ni vyembamba. Tenzi, hadithi za watoto, tamthilia za shule, vijitabu vya dua: kurasa sitini, themanini, zimekunjwa katikati na kubanwa pini mbili. Mgongo wa kuandikia jina haupo. Ukikisimamisha kitabu cha namna hiyo rafuni kinaonekana mstari tu, na haupiti muda kinapinda, kinazama kati ya wenzake, hukioni tena mpaka siku ya kuhama.

Mimi niko Tanga, nyumba ya familia, Ngamiani, na upepo wa bahari unatufikia kila jioni. Kwa hiyo kupamba rafu kwangu kumeanzia kwenye mambo mawili hayo, vitabu visivyo na mgongo na hewa yenye chumvi. Mengine yamejipanga nyuma yake.

Nianze na kabati. Nyumba nyingi za kwetu tayari zina kabati zuri la vitabu, ila limekaliwa. Nasema lile kabati la vioo la sebuleni, lenye glasi za sherehe, chupa za chai za maua, sahani za ukingo wa dhahabu ambazo hazijapata kupakuliwa wali, na zawadi za harusi ambazo bado zimo kwenye maboksi yake. La kwangu nimerithi kwa mama. Ni la mninga, watu wanne ndio wanalisogeza, lina milango miwili ya kioo ya kusukuma, na droo chini. Nilipotangaza kwamba glasi zinatoka na vitabu vinaingia, shangazi zangu walikaa kikao. Mmoja akauliza, "Mgeni akija utamtilia maji kwenye kitabu?" Nikamwambia, "Shangazi, mgeni atakunywa kwenye glasi za jikoni, zilezile anazonywea siku zote. Za kabatini tulimpa lini?" Kikao kikavunjika.

Vioo vina faida na hasara. Vumbi haliingii, lakini unyevu ukishaingia hautoki. Ukungu huota kwenye karatasi pale hewa inapotuama na unyevu wake ukipita asilimia 65 hivi, na huku pwani kipimo hicho tunakipita bila jasho, masika ndiyo usiseme. Nimeondoa mlango mmoja moja kwa moja. Kwa hiyo wakati wowote nusu moja ya kabati iko wazi, na nusu hizo mbili zinapokezana kadiri ninavyousukuma huu mlango uliobaki. Fundi akatoboa matundu kwenye plaiwudi ya nyuma, safu moja juu na safu moja chini, hewa ipande. Kabati lenyewe haligusi ukuta; limesogezwa upana wa kiganja. Na ndani sishindilii. Kitabu kikivutwa kwa vidole viwili kitoke peke yake, kisimkokote jirani.

Hapo ndipo nilipokubaliana na wale wa kwenye picha bila kupenda. Wao wanaacha nafasi tupu kwa ajili ya urembo. Mimi nimeziacha kwa ajili ya ukungu, na urembo ukaja wenyewe.

Sasa pini. Fungua kijitabu chochote cha zamani hapa kwetu, nenda kurasa za katikati, utaona pini imekuwa ya kahawia, na pembeni yake karatasi imeota doa la kutu lenye ukubwa wa punje ya dengu. Ukilipapasa doa hilo kwa ukucha karatasi inapukutika. Ikifika hapo ukurasa wa katikati hudondoka wa kwanza, halafu unaofuata, na mwisho unabaki na jalada mkononi. Kwa hiyo kabla kitabu hakijapanda rafuni kwangu nakitoa pini kwa ncha ya kisu, taratibu, upande wa ndani, kisha nakishona. Matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati, moja juu, moja chini, kwa shazia ya kushonea magunia. Halafu sindano ya kawaida na uzi mnene wa pamba: naanza ndani kwa tundu la kati kutoka nje, nje napanda hadi tundu la juu kuingia ndani, ndani naruka lile la kati nashuka hadi la chini kutoka nje, kisha narudi kwenye la kati kuingia ndani. Ncha mbili zinakutana hapo, moja kila upande wa ule uzi mrefu, nafunga fundo, nakata. Kazi ya muda wa chai kuchemka.

Na uzi ndio pambo langu ninalolipenda kuliko yote. Tenzi na mashairi nashona kwa uzi wa kijani, hadithi kwa mwekundu, vya dini kwa mweupe. Vikikaa pamoja rafuni, ile mistari isiyosomeka inageuka safu ya nyuzi, na hata gizani kidogo najua mkono uende wapi. Mtu anayeingia ndani kwa mara ya kwanza hudhani nimenunua seti.

Lakini kitabu chembamba uzuri wake uko usoni. Wachoraji wa majalada yetu ya zamani walijaza kila kitu mbele: mzee na bakora yake, jahazi limeinama, binti ameshika taa ya chemli, na jina la kitabu kwa herufi zilizochorwa kwa mkono. Vya namna hiyo kuvificha ubavuni ni dhuluma. Nikamwita fundi seremala, nikamwonyesha ukuta ulio kati ya mlango na dirisha, nikamwambia nataka vijibao vyembamba vya kusimamishia vitabu vikitazama watu. Akaugonga ukuta kwa fundo la kidole. "Dada, ukuta huu ni udongo na chokaa. Skrubu utaweka leo, kesho utaikuta sakafuni na tofali lake." Basi tukavining'iniza. Vijibao vitatu vya mtiki, mabaki ya mbao zilizotoka Longuza kule Muheza, kila kimoja upana wa sentimita tano, mbele kimepigwa ukingo mdogo wa kuzuia kitabu kisiteleze. Kila ncha tundu, kamba inashuka kutoka kwenye boriti, inapita, inafungwa fundo chini ya kila kijibao. Kamba ni ya katani, lazima. Mkonge umekuwa mkoani kwetu tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893. Kwenda dukani kununua kamba ya plastiki ukiwa Tanga ni kujitafutia maneno.

Vinakaa vitabu vitatu au vinne kila kijibao, na watoto ndio wanaobadilisha, kila mmoja na kijibao chake. Sharti ni moja, mbali na jua. Wekundu na njano hupauka kwanza, linabaki jalada la bluubluu kama nguo iliyosahaulika kambani.

Binti wa kaka yangu, anayesoma chuo, alikuja likizo akatazama kabati akasema, "Shangazi, niache nikupangie kwa rangi." Nikamwacha. Marehemu baba alikuwa na vitabu vya African Writers Series, ule mfululizo wa Heinemann ulioanza mwaka 1962, vyenye migongo ya rangi ya chungwa. Vikakusanywa vyote, vikapendeza kwa kweli, ila katikati yake akachomeka kitabu cha mapishi na kitabu cha kufuga kuku kwa sababu navyo ni vya chungwa. Vya bluu vikakaa na vya bluu: fizikia ya kidato cha pili imebanana na maisha ya masahaba. Mpwa wangu alipoondoka nilirudisha vingi mahali pake, nikaacha vya baba palepale, maana hivyo vilinunuliwa pamoja na ni ndugu. Lakini rafu ya watoto nimeiacha kwa rangi. Mtoto hakumbuki mwandishi. Anakuja anasema, "Mama, kile cha kijani chenye sungura," na kweli anakipata.

Rafu hiyo ya watoto ndiyo ya chini kabisa, na ina kitu ambacho sikutegemea kukipenda: vitabu vya shule vilivyovalishwa karatasi ya kaki. Mwanzo wa mwaka tunakaa mkekani kuvivalisha, mkasi, gundi, na yule mdogo kazi yake kukalia karatasi isiruke na upepo. Vikisimama pamoja, kahawia tupu, jina limeandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, vinatuliza macho kuliko majalada yake yenyewe yanayopiga kelele. Pembeni kuna kikapu cha ukindu cha madaftari yaliyoisha, kinaficha fujo.

Juu kabisa hakuna mjadala. Msahafu unakaa peke yake, umefungwa kitambaa, na marufaa yake, kile kibao cha kuusomea, imekunjwa ubavuni. Hakiwekwi kitu juu yake, si kitabu, si rimoti. Utaratibu huo mmoja umeamua urefu wa rafu zote nyingine, na nashukuru, maana umenizuia kulifanya paa la kabati kuwa ghala la chupa za chai.

Mapambo sasa. Niliwahi kwenda Lamu nikaingia kwenye nyumba ya mawe iliyohifadhiwa, nikasimama mbele ya zidaka za chumba cha ndani. Ukuta mzima wa chokaa umechongwa vijumba safu kwa safu, vya kuwekea sahani na bakuli za kaure zilizokuja na majahazi, na vitu vya thamani vya nyumba. Nilichokiona ni kwamba kila kidaka kilikuwa na kitu kimoja, au viwili. Basi. Kitu kimepewa chumba chake, na kivuli chake nyuma. Nimeichukua kanuni hiyo nzima nzima: kila rafu pambo moja, na pambo liwe limefanya kazi nyumbani humu.

Kwenye safu ya Shaaban Robert, mtu wa kwetu, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, kuna pasi ya mkaa ya bibi, ile yenye kijogoo cha kufungia kifuniko. Ni nzito, vitabu vyote vinaiegemea na haisogei. Rafu ya pili ina dele la kahawa, la shaba. Ya tatu mrashi, mtupu, kwa sababu marashi yakimwagika kwenye karatasi hayana msamaha. Chetezo nimekikatalia, moto na vitabu havikai nyumba moja, udi tutafukiza chumbani. Maua ya plastiki pia hapana. Nayajua, yanakusanya vumbi la mwaka mzima halafu yanaoshwa kwa sabuni ya unga siku ya kuamkia Idi.

Kitambaa cha kufuma kilinipa shida. Mama mkwe wangu anafuma vizuri sana, na kwake samani bila kitambaa iko uchi. Akaleta vitano, vya ncha tatu, vya kuning'inia mbele ya kila rafu. Vikiwekwa hivyo vinafunika vichwa vya vitabu. Tukafika makubaliano: kimoja kinakaa chini ya dele, vinne viko kwenye makochi, na wakija wageni wake nakitoa cha sita nilichonacho mwenyewe.

Wadudu niwataje tu. Majani makavu ya mwarobaini nyuma ya vitabu, karafuu chache kwenye kifuko cha kitambaa, nabadilisha harufu ikikata. Wapo wanaopaka miguu ya kabati oili chafu kuzuia mchwa. Inafanya kazi, lakini sebule itanuka gereji. Nainamia miguu hiyo na tochi kila nikifagia chini yake, inatosha. Na kama unatengenezesha rafu mpya, mbao ya inchi moja isizidi sentimita 80 bila nguzo katikati. Mita moja ya vitabu inafika kilo 20 hadi 30, na mbao haisemi kama imechoka, inapinda tu.

Kilichobaki ni daftari la kuazima. Linaning'inia kwa kamba ya katani kwenye kishikio cha droo, na kalamu yake. Unaandika jina, kitabu, tarehe. Kuna jirani mmoja ana tenzi yangu ya uzi wa kijani tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Akija kuomba chumvi hulikuta daftari limefunguliwa ukurasa wake.