Nilivyorudisha fensi yangu kwa pesa za ruzuku ya dharura baada ya mafuriko

Watu wananiuliza sana hii ruzuku ya dharura ya kurekebisha ardhi huku Marekani ikoje, wengine wanadhani unajaza fomu halafu unakaa kungoja hundi. Wacha niwaambie ilivyokuwa kwangu.

Nafuga ng'ombe wa nyama kwenye kaunti moja ya shamba kabisa huku Missouri. Mto ulifurika ukabeba karibu fensi yote ya bondeni, kilichobaki ni nyaya zimejikunja, magogo, na mabua ya mahindi ya jirani yananing'inia juu yake kama nguo zilizoanikwa. Programu yenyewe inaitwa Emergency Conservation Program, wengi wanasema tu ECP, iko chini ya Farm Service Agency ya wizara ya kilimo na ipo tangu 1978. Inafunguliwa kaunti kwa kaunti baada ya janga, na kuna kipindi maalum cha kuomba, kikipita ndo basi.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, ukianza kutengeneza kabla hujaomba na wao hawajaja kukagua unaweza kukosa yote. Lakini ng'ombe hawajui mambo ya fomu, kwa hiyo niliwapandisha malisho ya juu nikawazungushia waya wa umeme wa muda, kule bondeni sikugusa hata msumari. Nilipiga picha tu, kila kona, kila nguzo iliyolala. Afisa alikuja na kile kigurudumu cha kupimia, akatembea mstari mzima, anaandika futi, ananiuliza hii ilikuwa na nyaya ngapi, nguzo za mbao au chuma, na zile picha zilinisaidia mno maana sehemu zingine hakuna hata alama kwamba fensi ilikuwepo. Baadaye maombi yanaenda kwa kamati ya kaunti, ambao ni wakulima wenzetu tunaowapigia kura wenyewe, kitu ambacho mimi nakipenda sana.

Pesa yenyewe ni kuchangiana. Kawaida serikali inalipa hadi 75% ya gharama, mkulima mpya asiyezidi miaka 10 kwenye kazi inaweza kufika 90%, na mimi niliingia hapo. Ila unatoa mfukoni kwanza! Unanunua nguzo, unajenga, wanakuja kuhakiki, ndo unalipwa. Kwa fensi unaweza kuomba hadi 25% ya malipo hayo mapema, lakini uitumie ndani ya siku 60 la sivyo unairudisha, na bila hiyo sijui kama ningeweza kuanza maana bei ya waya bwana, we acha tu.

Jambo wengi hawalijui, kazi ya mikono yako na trekta yako mwenyewe navyo vinahesabiwa. Niliweka daftari ndani ya trekta, kila jioni naandika saa nilizofanya na nimefanya nini, mikono imejaa tope na mwandiko ndo huo huo, walilipokea hivyo hivyo. Risiti zote niliweka kwenye bahasha moja, hata za misumari.

Banda langu la nyasi kavu nalo liliharibika, hilo nimejijengea mwenyewe kwa sababu ECP haigusi majengo wala mazao. Mifugo ikifa kuna programu nyingine, LIP, ina fomu zake na tarehe zake, ulizeni ofisi hiyo hiyo.