Kurudisha maji ya bati ardhini: shimo la kunywesha kwa wenye visima Dar es Salaam

Kisima cha pwani kilichokuwa na maji baridi, kisha kikaanza kuonja chumvi, kimevutwa kupita kiasi. Chini ya mchanga wetu maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari, ambayo ni mazito zaidi kwa asilimia 2.5 tu. Tofauti hiyo ndogo ina hesabu kubwa: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini ya usawa huo. Pampu ikishusha maji kwa nusu mita, chumvi inaweza kupanda polepole hadi mita 20. Kwa hiyo kuchimba kwenda chini zaidi karibu na ufuo mara nyingi ni kuifuata chumvi iliko. Kinachosaidia ni kuvuta kidogo na kurudisha kingi, kwa shimo la kunywesha: shimo la mawe na mchanga linaloyaacha maji ya mvua yazame ardhini.

Cha kurudisha kipo juu ya nyumba. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Nyumba ya mita 10 kwa 12 (pima chini, usifuate mteremko wa bati) kwa mvua ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka hupokea lita 132,000. Toa asilimia 15 inayoruka na kuvuja, zinabaki kama lita 112,000. Familia inayovuta lita 500 kwa siku hutumia lita 182,500 kwa mwaka. Paa peke yake linafidia zaidi ya nusu.

Usichimbe kabla ya kupima. Chimba tundu la sentimita 30 kwa 30 hadi kina ambacho sakafu ya shimo itafikia, jaza maji, yaache yanywewe yote, kisha jaza tena na upime yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya milimita 15, huo ni udongo wa mfinyanzi na shimo litageuka bwawa la mbu. Pia sakafu ya shimo iwe angalau mita 2 juu ya maji ya kisima yanapokuwa juu kabisa wakati wa masika. Kwenye mabonde kama Jangwani, ambako maji yako karibu na uso wa ardhi, kazi hii haina maana.

Umbali nao una sheria zake: mita 3 kutoka msingi wa nyumba, kama mita 10 kutoka kisimani, na 30 kutoka shimo lolote la choo, likiwemo la jirani. Katika viwanja vingi vya mjini mita hizo 30 hazipatikani. Hapo tunasema wazi: usijenge. Maji unayoyaingiza yatausukuma uchafu wa choo kuelekea kwenye visima vya mtaa mzima. Weka tangi kubwa zaidi. Kila lita utakayotumia kutoka humo ni lita ambayo pampu haikuivuta.

Penye nafasi, maji yapite hivi: gata, bomba la maji ya kwanza, tangi, na yanayofurika ndiyo yaende shimoni. Maji ya kwanza ya mvua hubeba vumbi, kinyesi cha ndege na majani, kwa hiyo tenga nusu milimita. Kwa paa letu hiyo ni lita 60, yaani bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 3 na nusu, au pipa kama ukuta ni mfupi. Chini yake weka kifuniko cha kufungua, chenye kitundu cha milimita 3 ili bomba lijimwage lenyewe kabla ya mvua inayofuata. Kitundu hicho huziba mara kwa mara. Kikiziba, bomba hubaki limejaa na uchafu wote huendelea hadi kwenye tangi bila wewe kujua.

Shimo lenyewe ni mita 1.5 kwa 1.5, kina mita 2. Kuta zivishwe jiotekstaili, kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Chini panga mawe ya sentimita 10 hadi 20 kwa unene wa mita 1, juu yake kokoto sentimita 60, kisha tandaza jiotekstaili tena, na malizia na mchanga mkali wa mto sentimita 30. Bomba limwagie juu ya jiwe bapa ili maji yasichimbe mchanga. Osha mawe na kokoto kabla ya kuzipanga: vumbi la kokoto ni unga laini unaoziba shimo jipya kabla halijafanya kazi. Nafasi kati ya mawe hubeba kama lita 1,500. Mvua ya milimita 30 kwa saa moja huleta lita 3,000, kwa hiyo tangi likiwa limejaa tayari, shimo litafurika. Weka bomba la pili la kutoa maji mbali na nyumba.

Adui mkubwa ni tope. Usiunganishe maji ya uani, ya barabarani wala ya kuoshea gari. Tope na mafuta havitolewi kirahisi vikishaingia kwenye mawe. Wala usielekeze bati moja kwa moja kwenye kisima, hata kilichoachwa. Maji hayo hayachujwi na udongo, na hewa iliyomo hugeuza chuma cha ardhini kuwa kutu, huku bakteria wakifanya utelezi unaoziba matundu ya bomba la kisima.

Baada ya mvua kubwa shimo liwe tupu ndani ya siku 2 au 3. Likichelewa, kwangua sentimita 5 za juu za mchanga na uweke mpya. Kila mwezi, alfajiri kabla ya kuwasha pampu, shusha kisimani kamba yenye uzito, andika kina cha maji, na upime chumvi kwa kipimo cha umeme wa maji (kadiri chumvi inavyozidi, ndivyo maji yanavyopitisha umeme zaidi). Shimo moja halitakigeuza kisima cha chumvi kuwa baridi, kwa sababu maji ya mchangani hutembea kuelekea baharini na kwa majirani. Nyumba ishirini za mtaa mmoja zikichimba, na zikipunguza kuvuta, hapo ndipo daftari lako litaanza kuonyesha tofauti, masika moja baada ya nyingine.