Nimegongwa na Canter, bima yangu wakanituma nikadai kwa mwenye Canter

Niligongewa Tabata Bima. Ndio, kituo kinaitwa Bima, cheka tu, hata trafiki mwenyewe alicheka. Ilikuwa Machi mwaka jana, mvua ya asubuhi, foleni imesimama, mi nipo kwenye IST yangu naelekea Kariakoo kufungua duka, nasikia tu puu, Canter ya mchanga imeniingia nyuma. Buti lote ndani, bampa chini, taa za nyuma kwishnei. Dereva akashuka mikono kichwani, "dada yangu nisamehe, breki zimekataa, tuyamalize hapahapa nampigia bosi". Nusura nikubali maana nilishachelewa, ila mume wangu kwenye simu akasema usipokee hata mia, ukishapatana naye barabarani bima yako watakuuliza uliruhusiwa na nani. Tukamuita trafiki, akapima, akachora, tukaenda kituoni. Wakati tunasubiri nikaingia kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka inayosimamia bima, kwa simu, nikaweka namba ya ile Canter, nikaona ina bima ndogo, ile inayolipa hasara ya mtu uliyemgonga tu, na bado iko hai.

Mi nina bima kubwa, ile inayolipa mpaka gari yako mwenyewe. Gari imethaminiwa milioni 12, nalipa asilimia 3.5, ukiweka na VAT inafika 495,600 kwa mwaka, na ile hela nailipa nikiwa nimenuna kila mwaka. Kwa hiyo kesho yake niko kwenye ofisi ya kampuni yangu ya bima Posta na kopi ya leseni, kadi ya gari, fomu ya madai nimejaza. Kaka wa madai akaisoma, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, hapa wewe huna kosa, nenda kadai kwa bima ya mwenye Canter, ukidai huku unajiharibia rekodi". Nikaona ana pointi bwana. Nikapoteza wiki mbili naenda kwenye kampuni ya mwenye Canter, kule wakaniambia wanasubiri kesi ya trafiki iishe, gari yangu imefungwa kamba buti kama mkaa, nauli za bodaboda Tabata mpaka Kariakoo zinanimaliza.

Aliyenifumbua macho ni mteja wangu, mama mmoja anafanya kazi kwa broka wa bima, yaani dalali, alikuja kununua sare za watoto. Akaniuliza, "Mwanangu, hela yako kila mwaka anakula nani, mwenye Canter au hao?" Nikasema hao. "Basi unayemdai ni huyohuyo." Akanielezea kwamba ukiwa na bima kubwa mkataba ni wako na kampuni yako, kosa liwe lako au la mwingine wao wanatengeneza gari kwanza, halafu wao ndo wanaingia kwenye nafasi yako na kumfuata mwenye Canter na bima yake warudishiwe chao. Hiyo mbio ya kumkimbiza mtu ni ya kwao. Bima ndogo ndo ingenilazimu nimkimbize mwenyewe. Yani wiki mbili nilikuwa nafanya kazi ya watu bila mshahara.

Nikarudi Posta. Safari hii sikubishana, nikasema tu naomba hayo maneno ya kwenda kwa mwenye Canter uniandikie kwenye barua ya kampuni, na muhuri. Kaka akaniangalia, akaenda ndani, akarudi, akasema sawa dada tutafungua faili. Nimewahi kuona maneno mengi ya mdomo yanayeyuka yakiombwa kuandikwa, ila sio kwa spidi ile.

Sasa kuna mchezo wa pili na huu ndo naona unawakwamisha wengi. TIRA wanasimamia siku 45 za kulipa madai, lakini zinahesabiwa tangu nyaraka zako zikamilike, kwa hiyo nyaraka zisipokamilika saa haianzi kutembea. Mimi wakaniambia leta PF 90, ile ripoti ya polisi ya ajali, nikaleta, baada ya wiki wakasema bado ripoti ya ukaguzi wa gari, nikaleta, baada ya siku kadhaa wakataka profoma (makadirio ya bei ya matengenezo) za gereji tatu wakati nilishaleta moja na hakuna aliyesema tatu. Hapo nikashtuka. Nikaandika barua nikataja kila karatasi niliyowapa na tarehe, mwisho nikauliza kuna kitu gani kingine kimebaki, nitajieni vyote kwa pamoja. Nikaenda na kopi mbili, moja wakaigonga muhuri wa kupokea nikarudi nayo nyumbani. Wakajibu nyaraka zimekamilika. Tarehe ya hiyo barua nikaiandika kwenye kalenda ya dukani kwa maka nyekundu, mume wangu akawa ananitania kila siku, "leo ya ngapi?"

Asesa wao, yule anayekadiria hasara, alikuja gereji, kijana mstaarabu, akapiga picha, akabishana na fundi kuhusu ufundi na rangi mpaka profoma iliyokuwa na bei ya chini kuliko zote, 2,180,000, ikashuka hadi 1,950,000. Hapo sikuwa na neno, fundi wangu namjua. Kasheshe ikaja kwenye ofa, wananipa 1,200,000 na karatasi ya kusaini kwamba nimeridhika na sidai tena. Siku hiyo ilikuwa ya 31. Ile karatasi ukisaini imeisha, hata ukigundua umepunjwa baadaye utalia na nani. Nikaomba mchanganuo. Wamekata uchakavu wa spea, eti gari ya zamani.

Usiku nikatoa mkataba wangu, ule wenye maandishi madogo ambao sikuwahi kuusoma tangu nikate bima, nao nilikuwa nao tu kwa sababu ulikuwa unazuia droo isigonge. Niliusoma wote. Kwangu kulikuwa na kukatwa asilimia 10 ya dai, ile hela unayochangia mwenyewe, basi. Uchakavu wa spea haupo popote (wengine mikataba yao inao, soma wa kwako usije ukanilaumu). Kukodi gari wakati ya kwangu iko gereji nako hakupo, hiyo nikakubali.

Nikaandika barua ya malalamiko kwa meneja, naombeni mnionyeshe kifungu cha uchakavu kiko ukurasa gani, nakala kwa TIRA. Yule mama wa broka alishaniambia pia wakigoma kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hatozi hela, na anapokea madai mpaka kiwango fulani, ila lazima uwe umelalamika kwanza kwenye kampuni yenyewe. Sikufika huko. Siku ya tano akanipigia mtu mwingine kabisa, sauti nzito, "mama, kulikuwa na makosa kidogo ya mahesabu". 1,950,000 toa 195,000, nikasaini 1,755,000. Siku ya 40 hela iko kwenye akaunti.

Mwezi wa Agosti nikapigiwa na namba ngeni, kumbe ndo bosi wa ile Canter, analalamika bima yake imemuita kwa ajili ya madai ya kampuni yangu, "dada si tungeyamaliza tu siku ile?" Nikamwambia kaka, mi nimeshatoka humo, ongea nao, na ukiwapata waambie na ile 195,000 yangu naisubiri.