Nilivyopata baiskeli ya kazi zote hapa Nairobi

Watu watatu waliniambia ninunue baiskeli ya magurudumu ya inchi 29 yenye shoku. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza naenda wapi. Leo naendesha ya inchi 26, fremu ya chuma ya miaka ya tisini, uma wa mbele (ule unaoshika gurudumu) mgumu usio na shoku, na sijawahi kuwa na baiskeli iliyonifaa namna hii.

Mwanzoni nilikuwa na safari moja tu: Kasarani hadi mjini, asubuhi na jioni, kwenye njia za pembeni za Thika Road. Baiskeli ya mjini yenye tairi la milimita 35 ilinitosha kabisa. Kisha marafiki wakanipeleka Limuru Jumamosi moja, na tulipofika kwenye mashamba ya chai ya Tigoni nilijua kuendesha kwangu hakutaishia kazini tena. Baada ya lami nikatamani vichochoro vya msitu wa Karura, na baada ya Karura, vumbi la Ngong.

Huko ndiko nilikoaibika. Kabla ya kufika Kiserian jiwe lilipasua ubavu wa tairi la nyuma, mpasuko wa urefu wa kidole. Nilikuwa na tyubu ya akiba, lakini tyubu haizibi tairi lililochanika. Nikaisukuma hadi kwa fundi wa kando ya barabara. Alikuwa na tairi jipya la Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kubebea mizigo, limeandikwa 28 x 1½. Langu lilikuwa la saizi iitwayo 700C, na ubavuni lilikuwa na 28 vilevile.

“Dada, ishirini na nane ni ishirini na nane,” akasema.

Lilivaa upesi mno. Tairi la kawaida hung'ang'ania rimu mpaka uchubuke vidole, hili liliingia kama kofia. Hapo ndipo ningepaswa kumzuia. Akaanza kujaza upepo, na upande mmoja tairi likaanza kupanda nje ya rimu polepole, tyubu ikachungulia kama ulimi, nyeusi, ikizidi kuvimba. Nikapiga kelele aache. Hakuwahi. Mlio ule uliwatoa watu dukani. Nililipa tairi, mia saba au nane hivi, nikarudi Nairobi baiskeli ikiwa imefungwa juu ya matatu, na hiyo nayo nikailipia nauli yake.

Usiku ule nilisoma nambari ndogo za ubavuni, zile ambazo hakuna aliyewahi kunionyesha. La Black Mamba ni 40-635. Langu ni 35-622. Nambari ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, vyote kwa milimita. Tofauti ya milimita 13 ilitosha kuniharibia siku. Usiamini “28”, wala “26” kabla ya kusoma hiyo nambari ya pili. Ya baiskeli nyingi za milimani za inchi 26 ni 559, na tairi na tyubu za 559 nimezikuta hata kwenye vibanda vinavyouza mafuta ya taa na sukari.

Baada ya hapo niliwasikiliza wale watu watatu, nikaendesha ya inchi 29 yenye shoku kwa nusu mwaka. Baiskeli ya shoku ilipendeza Karura, lakini kwenye lami kila nikikanyaga kwa nguvu uma ulibonyea na kuninyang'anya jasho langu. Haikuwa na vitundu vya kufungia keria, na wakati huo binti yangu alishaanza shule na mimi nilitaka kupitia sokoni. Nikaiuza kwa hasara ya elfu kadhaa.

Ya tatu niliitafuta kwa wauzaji wa mitumba karibu miezi miwili, nikiwa na vitu viwili mfukoni: sumaku niliyong'oa kwenye spika mbovu, na kipande cha katoni nilichokikata upana wa milimita 60. Sumaku ikinasa, fremu ni ya chuma, na chuma kikivunjika fundi yeyote wa kuchomelea atakiunga, tofauti na alumini inayotaka mashine maalumu. Katoni niliipitisha katikati ya uma na kule nyuma ya pedali. Ikipita, tairi la inchi 2.1 litazunguka na tope lipate pa kupita.

“Mama, wanunuzi wengine hupiga kengele tu,” muuzaji mmoja aliniambia. Nilikuwa nimepiga magoti nikipangusa kona ya chini ya uma wa fremu nzuri ya bluu. Chini ya vumbi kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Ufa. Nikamshukuru, nikaondoka.

Niliyoipata ina rangi ya kijani iliyofifia, na vitundu vyote vya keria na madigadi vipo. Iligharimu elfu kumi na kitu, cheni mpya na breki juu yake. Nina jozi mbili za tairi: laini za inchi 1.75 za kwenda mjini, na zenye meno. Kubadilisha kote mbele na nyuma kunanichukua kama dakika ishirini, redio ikiwa imewashwa.

Mwezi wa tatu umekaribia. Zile zenye meno nimeshazitoa chini ya kitanda, na binti yangu amezisugua kwa mswaki wa zamani, maana Jumapili ameomba twende Karura kabla mvua haijaanza.