Siku moja maishani mwangu: kuchanja mbwa wa majirani wa mbwa mwitu, Bale

Saa 11 alfajiri. Bonde la Web, Milima ya Bale, Ethiopia. Hema limeganda kwa umande. Nakagua kasha la chanjo ya kichaa cha mbwa. Huku hofu yangu si joto, ni chanjo kuganda, kwa hiyo usiku kasha hulala chini ya blanketi langu.

Saa 1 asubuhi. Tunaanza kutembea. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, na Kiborana changu cha Marsabit wanakielewa, kwa hiyo sijioni mgeni sana.

Saa 3. Mzee mmoja anatusimamisha kwa salamu, "nagaa", kisha ananyoosha fimbo: "Mtazame." Kwetu ukisema mbwa mwitu mtu anamwaza yule wa madoadoa. Huyu, mbwa mwitu wa Ethiopia, ni mwekundu, koo jeupe, miguu mirefu. Wakubwa waliobaki duniani hawafiki 500, na zaidi ya nusu yao wako Bale. Alikuwa katikati ya ng'ombe wa mzee, akitembea nao polepole kama ndama. Panya na fuko wamewazoea ng'ombe, hawakimbii. Ghafla akalala tumbo, masikio nyuma, akajirusha. Akainuka na panya mdomoni. Ng'ombe hata hawakugeuka.

Nilimuuliza mzee kama huwa anamlia kondoo. "Mara chache. Mwizi wangu ni fisi." Mbwa mwitu huyu wao humwita jeedala fardaa, mbweha wa farasi, kwa sababu humfuata farasi jike mwenye mimba akingojea kondo la nyuma. Mzee amekua naye tangu utoto. Mwaka 2003 kichaa kilipoingia bondeni kupitia mbwa wa mifugo, aliona mizoga mingi ya mbwa mwitu hawa hadi akaacha kuhesabu. Alilisema hilo akitazama chini, nami nikashindwa kuuliza zaidi.

Saa 6. Chai, kisha mbwa wake wawili. Sindano, alama ya rangi kichwani, basi.

Saa 8 hadi 10. Maboma manne. Mvua ya mawe.

Saa 11 jioni. Tunafunga mizigo, tunasikia mtu akiita. Ni kijana wa mzee, anahema, ameburuta mbwa wa tatu kwa kamba: mkali wa usiku, ambaye asubuhi hakuna aliyemtaja. Anamfunika kichwa kwa blanketi, anampigia magoti, anamnong'oneza. Napiga magoti upande wa pili, navuta dozi.