Nyanya za mama mboga ndizo zilinipatia 7.5

Yule mwalimu wa tuisheni huko tauni aliyeniambia niweke twengi, yaani lafudhi, ya Uingereza ndio nipite IELTS, ule mtihani wa Kizungu, nakudai pesa ya mtihani. Elfu thelathini na kitu, na hapo sijahesabu fare.

Mimi ni nesi, na wale wa kusajili manesi huko Uingereza wanataka 7 kwa kuongea, kusoma na kusikiliza, kuandika ndio wanakuachia 6.5. Mara ya kwanza kuongea nilipata 6. Mimi, mtu nimesomeshwa kwa Kizungu tangu darasa la nne! Shida nilikuwa nimekariri. Nilimeza stori moja safi ya babu na ng'ombe wake. Siku ya siku napewa kadi: elezea duka ulilohudumiwa vizuri. Unapewa karatasi na penseli, dakika moja ya kujipanga, halafu uongee hadi dakika mbili. Sasa mimi nikafanya nini? Nikampeleka babu dukani. Sentensi tatu za duka, babu huyo ameingia, ng'ombe nyuma yake. Hao watahini wanajua mtu amekariri hata kabla umeze mate. Halafu sehemu ya tatu ya mtihani wa kuongea, ile ya maswali juu ya mada ya kadi, mtahini akaniuliza mbona watu siku hizi wanapenda supamaketi kuliko viduka vya mtaani, na huko babu hakuwa amefika, nikakauka, twengi nayo ikanitoroka.

Kurudia nilijiandalia hapa Umoja kwa mama mboga. Nikitoka shifti ya mchana ananiuliza, "Dakitari, leo ni sukuma ama kabeji?" Tukapatana hivi: anachagua kitu chochote, ndoo, mvua, bodaboda wa kona, nami nakiongelea Kizungu dakika mbili simu ikihesabu. Kizungu yeye si sana, lakini "aaah" haitaki masomo. Kila "aaah" ama "you know" anaweka nyanya moja kando, na hizo lazima ninunue. Siku ya kwanza nilibeba nyanya kumi na saba, bibi yangu akauliza kama tunafungua hoteli. Siku alichagua kanjo, wale askari wa kaunti, zilikuwa mbili tu, maana walikuwa wamemwaga mboga zake asubuhi hiyo na nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hana "aaah". Nikimaliza ananirushia, "Na kwani hao kanjo hutaka nini hasa?" Hiyo ndiyo sehemu ya tatu yenyewe bwana, kwa Kiswahili, bure.

Na twengi wachana nayo kabisa. Wanapima vitu vinne kwa uzito sawa: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi, na matamshi ni usikike tu, si uwe Mzungu. Mimi hata leo nashrabu, lafudhi ya kwetu inatokea tu. Usiposikia swali mwambie mtahini arudie. Na akikukata dakika mbili zikiisha usiogope, mimi mara ya kwanza nilidhani nimefukuzwa.

Mara ya pili kadi ilitaka jengo unalolipenda. Nikaanza na KICC, vile tulipandishwa juu kabisa na shule nikakataa kufungua macho, nikakatwa bado nikiwa kwa lifti tukishuka.

7.5. Mama mboga alifurahi, akanipa dania ya bure, halafu akanuna kidogo: sasa zile nyanya za kuiva sana atamuuzia nani.